Mwaka Tulipoijadili Tibet

Habari za kifo cha Nkirote zilinikuta nikichambua maharagwe hapa kwangu Karurumo, na ukweli ni kwamba nilimaliza kuyachambua. Simu ililia, nikasoma ujumbe kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja, nikaona jina lake na vile vimikono vya kuomba ambavyo watu hutuma siku hizi badala ya kulia. Nikailaza simu kifudifudi, nikaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Nilingoja kitu kinikabe koo. Nimeona wenzangu wakikabwa. Jirani yangu hulia hata mbuzi wa watu akigongwa barabarani. Mimi nilibaki kama mguu uliokaliwa muda mrefu: najua ni wangu, nauona, lakini ukiuchoma sindano hausemi. Mazishi yalikuwa Manyatta, kupita mji wa Embu, nami ni mtu ambaye kwenda Runyenjes tu ni safari ya kuagwa. Watoto wangu husema Bwana Yesu akirudi itabidi apite mwenyewe hapa nyumbani, maana mimi sitatoka kwenda kumlaki. Basi walishangaa nilipotoa koti langu la kanisani sandukuni na kusema kwamba Alhamisi sipo.

Habari za wazazi wangu nitaziruka. Walikuwepo, wakanizaa, wakanipeleka shule, inatosha. Ninaoutaka ni mwaka mmoja tu, wa kidato cha nne, katika shule ya wasichana ambayo sitaitaja, mojawapo ya zile zilizojazana Kaaga, pale Meru. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Watu walisema kwa sauti ya chini hata walipokuwa wanaulizana bei ya nyanya. Chumba cha mijadala kilikuwa darasa la zamani lenye dirisha moja bovu, lililozibwa kwa kadibodi, na kila Jumamosi mchana tulipanga madawati pande mbili zikitazamana. Desturi tuliyoikuta ilikuwa kwamba wasichana wa Meru wanaunga hoja na sisi wa kutoka Embu tunapinga, hata hoja iwe nini. Ingeletwa hoja kwamba mvua inalowesha, Embu ingesimama kupinga. Mimi niliingia katika chama cha mijadala kwa sababu moja ambayo sikuificha wakati ule wala siifichi sasa: siku shule nyingine ilipokuja kujadiliana nasi, wanachama walikula chapati na wageni, na waliobaki walikula githeri yenye wadudu wanaoelea. Nkirote, aliyekuwa mwenyekiti, aliniambia siku ya kwanza kwamba amewahi kuona watu wakiitwa na dini na wengine wakiitwa na siasa, lakini mimi ndiye mtu wa kwanza anayemwona ameitwa na unga wa ngano. Nilikuwa na mwandiko mzuri, basi nikafanywa katibu.

Mlezi wa chama alikuwa Mwalimu Njeru wa historia, mtu mrefu, koti moja, aliyekuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa raba. Mambo ya kwetu hayakuweza kujadiliwa. Hoja yoyote iliyokuwa na harufu ya Nairobi ilirudi kutoka ofisi ya mwalimu mkuu ikiwa imekatwa kwa wino mwekundu. Kwa hiyo Mwalimu Njeru alitupeleka mbali. Tulijadili mito ya Ulaya, tulijadili wafalme waliokufa, na muhula wa pili wa mwaka ule, baada ya kusikia redioni kwamba watawa wa Tibet wameandamana na wengine wamepigwa risasi, alituletea hoja kwamba Watibeti waachiwe wajitawale, na mataifa ya nje yawasaidie. Mwalimu mkuu, ambaye tulimwita Madam, aliuliza Tibet iko wapi, akaambiwa iko milimani nyuma ya India, akaona ni mbali vya kutosha, akatia sahihi.

Kwa hoja ile tulihitaji vitabu, na maktaba yetu ilikuwa na kamusi, Biblia na kitabu cha ufugaji wa nyuki. Hapa ndipo wasomaji wadogo hawataelewa mpaka nieleze. Wakati wetu, mwanafunzi akitaka kitu cha kusoma aliandika barua kwa balozi za kigeni kule Nairobi, na balozi zilituma majarida bure. Majarida mazito, ya karatasi inayoteleza na picha za rangi: mabwawa, trekta, wasichana wanaocheka katika mashamba ya mpunga. Hatukuyasoma sana. Tuliyakata, tukafunikia madaftari, na msichana ambaye madaftari yake hayakuvaa karatasi ya kuteleza alionekana kama ametoka bila kupaka mafuta miguuni. Nkirote alitaka habari. Mimi nilitaka majalada, na nilikuwa nimegundua siri ya kazi hiyo: ukimwandikia mtu kwamba unakubaliana naye, anatuma bunda kubwa zaidi.

Niliandika barua mbili, Jumapili mchana, kwenye meza ya bwalo iliyonuka kabichi. Moja kwa ubalozi wa nchi kubwa inayoitawala Tibet, nikisema sisi wanafunzi wa Kaaga tunajua kwamba Tibet ni yenu tangu zamani na wanaosema vingine ni wachochezi. Nyingine kwa ofisi ya Watibeti waliokimbilia India na kiongozi wao wa dini, anwani Mwalimu Njeru aliipata sijui wapi, nikisema sisi wanafunzi wa Kaaga tunajua mnaonewa, hakuna taifa linalopaswa kutawaliwa na jingine, na sisi vijana tumejipanga na tuko tayari kuwasaidia kwa hali na mali. Maneno hayo ya mwisho niliyatoa kwenye barua za harambee za kanisa letu, ambako kila mtu yuko tayari kwa hali na mali mpaka siku ya mchango wenyewe. Nilikuwa sina hali wala mali. Nilikuwa na kopo la chumvi na kipande cha sabuni. Barua za chama zilitiwa sahihi na mwenyekiti, basi nikampelekea Nkirote, aliyekuwa anasuka nywele za mtu, akaniuliza zinasema nini. Nikamwambia zinaomba vitabu. Akatia sahihi zote mbili kwenye paja lake, bila kusoma, akanirudishia kalamu ikiwa na mafuta ya nywele.

Mjadala wenyewe naukumbuka kuliko harusi yangu. Wavulana wa shule moja ya Embu walialikwa kusikiliza, chapati zilikuwa zinapikwa, na harufu ilipita mlango wa jikoni ikaja mpaka kwenye meza ya wasemaji. Tulijadili kwa Kiingereza, tukitupiana vijembe vya Kimeru na Kiembu chini ya meza. Nkirote alianza. Alisema watu wale wana lugha yao na watoto wanafundishwa kwa nyingine, wana kiongozi wao na hawaruhusiwi hata picha yake. Kisha akaacha karatasi, akatutazama, akasema babu zetu walipokuwa katika msitu wa mlima huu wakipigana na wakoloni, na bibi zetu ndani ya vijiji vyenye mitaro na miti iliyochongwa, walitamani mtu yeyote wa nje aseme neno moja, hata la uongo. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Njeru alitazama mlango. Nami niliposimama nilijua nitashinda, kwa sababu watu walikuwa wameogopa na walihitaji mtu wa kuwachekesha.

Nilisema mimi sijui milima ya Asia, najua jikoni. Nilisema nchi kubwa imeiita Tibet jimbo lenye kujitawala, ni kama kijana aliyeoa akapewa jiko lake ndani ya boma la baba. Ana moto wake, ana sufuria zake, lango ni moja. Sasa moshi ukizidi, je, jirani avunje ua aingie na ndoo? Nikasema mataifa yanayopiga kelele yana hesabu zao. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba zamani wageni waliwapa Watibeti wale bunduki, wakachoka, wakaenda zao, na waliobaki kuzika watu hawakuwa wageni. Nikamalizia hivi, na haya niliyaandika mwenyewe katika kumbukumbu za mkutano, ndiyo maana nayajua: “Ugomvi wa nyumba ya watu usiuingie mpaka uitwe. Ukiitwa, uliza mara mbili.” Bwalo, maana tulikuwa tumehamia bwalo kwa ajili ya wageni, liligonga meza kwa vijiko. Nkirote alisimama kujibu akiwa anacheka, jambo ambalo halimsaidii msemaji. Alisema, “Jiko ni langu, sawa. Lakini mama mkwe ndiye anayeonja chumvi kila siku, na siku nikisema imetosha, ananyang'anya mwiko. Hilo ni jiko la nani, Wawira?” Walimcheka pia, wakampigia meza, lakini kura zilikuwa zangu. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliuliza kama haiwezekani kujitawala bila kujitenga, kama ambavyo yule kiongozi aliyekimbia mwenyewe anaomba, na hakuna aliyemjibu kwa sababu chapati zilikuwa zimeingia. Namkumbuka yule mtoto. Ndiye peke yake aliyekuwa amesoma.

Tangu siku hiyo Nkirote aliniita Mpinzani. Mpinzani, nipe maji. Mpinzani, amka, kengele imelia.

Wiki kama tano baadaye, muhula wa tatu umeanza na mtihani uko mbele yetu, gari la kijivu liliingia likaegeshwa juu ya maua ya Madam, ndipo tukajua si la mzazi. Wanaume wawili wenye makoti. Mwenyekiti wa chama cha mijadala aliitwa ofisini, na kwa kuwa aliambiwa aje na vitabu vya chama, nilifuata nyuma nikibeba daftari la kumbukumbu za mikutano, lile jeusi la mgongo mwekundu. Nilielekezwa kwenye benchi la nje. Mlango wa ofisi ile haukuwahi kufungika vizuri. Ulihitaji kusukumwa kwa goti, na wageni hawakujua. Niliona kisogo cha Nkirote, kola yake, na kona ya meza yenye barua iliyofunguliwa. Ile ya India. Nani aliifungua, njiani au alikopelekwa, sikujua na sijui. Mmoja wa wale wanaume aliisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma jina la ugonjwa, na alipofika kwenye hali na mali akairudia. Akauliza vijana hao waliojipanga ni akina nani, wamejipanga wapi, na msaada huo ni wa aina gani. Nikawa nasikia maneno yangu yakitoka kwa sauti ya mwanaume mzima na, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililoliwaza ni kwamba barua ile ilikuwa na mpangilio mzuri.

“Hii umeandika wewe?” akauliza.

Kisogo cha Nkirote kiliinama juu ya barua, kama cha mtu anayesoma mistari miwili. Kisha akasema, “Sahihi ni yangu.”

“Nimeuliza kuandika.”

“Nimeandika mimi.”

“Peke yako? Hakuna mwalimu?”

“Peke yangu.”

Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Kila ukurasa wake, kuanzia Januari, ulikuwa na mwandiko ule ule uliokuwa mezani, zile g zangu zenye mikia mirefu ambazo nilijivunia. Ilitosha mtu mmoja kulifungua. Nililibana kwa magoti. Yule mwanaume alitoka kuvuta sigara, akanitazama, akamwuliza Madam mimi ni nani, na Madam akasema, “Huyu ni wa kubeba kitabu.” Akatikisa kichwa, akawasha sigara. Hawakuniuliza kitu. Nimelirudia hilo mara nyingi maishani, nikipika, nikipalilia, nikiwa kanisani wakati wa maungamo: hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, iliyopigiwa meza kwa vijiko na wasichana na wavulana. Ugomvi wa nyumba ya watu usiuingie mpaka uitwe. Nikawa mwaminifu kwa hoja yangu kuliko Tibet yote, na nchi kubwa, na mataifa ya nje walivyowahi kuwa waaminifu kwa lolote.

Alifukuzwa siku ya tatu. Walisema arudi nyumbani, na mtihani hatafanyia pale wala kwingine mwaka ule. Mwalimu Njeru alihamishwa kabla ya mwezi kwisha, akapelekwa chini kwenye joto la Mbeere, na redio yake. Mimi nilimsaidia Nkirote kubeba sanduku la bati mpaka lango. Kila mmoja wetu alishika mkono mmoja wa sanduku, likawa linatugonga miguuni. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga kuanzia bwenini, kwanza hivi, pili hivi, kama msemaji. Tulipofika langoni alilitua, akajipangusa, akasema, “Mpinzani, yale majarida yakija, usinisahau. Nataka yenye milima.” Alijua. Alikuwa ameisikia barua ikisomwa yote, na aliujua mwandiko wangu kama alivyojua kikohozi changu. Nikasema sawa. Hilo ndilo nililosema. Nikarudi, nikakuta chakula kimebaki, nikala.

Majarida yalikuja wiki iliyofuata, kutoka kwa ubalozi ule mwingine niliouandikia kwamba Tibet ni yao. Bunda kama tofali. Madam aliyapekua, akaona ni mabwawa na trekta, akanikabidhi mimi kama katibu. Kulikuwa na moja lenye milima, theluji, na wachungaji wanaotabasamu nje ya hema, na maelezo kwamba wanafurahi. Nililikata, nikafunikia madaftari yangu yote ya mtihani. Nilisomea mtihani nikiwa na Tibet chini ya kiwiko changu. Nikapita, si sana, kiasi cha kufanya kazi ya kuandika majina katika kituo cha kahawa mpaka nilipochoka kutoka nyumbani.

Tulionana mara chache baadaye. Aliolewa na mtu wa Manyatta, akalima majani chai, akazaa watatu. Tukikutana soko la Embu ananiita Mpinzani mbele ya watu, ananinunulia ndizi, ananiuliza kama bado naogopa kuvuka mto. Nilimwalika kwangu, akaja, akala, akalala. Mara zote kulikuwa na dakika ambayo ningeweza kusema, nami naijua kila moja, mahali tulipokuwa tumekaa na kilichokuwa kwenye sufuria. Hakuniuliza, nami sikusema.

Sasa Manyatta, Alhamisi. Hema, viti vya plastiki, kaburi limechimbwa kando ya majani chai. Mtoto wake wa kwanza, Kathure, ambaye ni mwalimu, alisoma wasifu wa marehemu kutoka kile kijitabu cha mazishi chenye picha ya rangi, na karatasi yake ilikuwa ya kuteleza. Alizaliwa, alibatizwa, alianza shule. Kisha akasoma kwamba mama yao alifukuzwa shule akiwa kidato cha nne kwa kuandika barua ya kuwatetea watu wa Tibet, na kwamba hakuwahi kuijutia. Watu wakageukiana. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza Tibet ni kabila la wapi, mkewe akamwambia nyamaza, ni huko Isiolo. Kathure akasoma sentensi moja ya barua ile, aliyosema mama yao alikuwa akiwakariria walipokuwa wadogo: kwamba hakuna taifa linalopaswa kutawaliwa na jingine. Niliichungulia kwenye kijitabu changu. Ilikuwa neno kwa neno. Alikuwa ameisikia mara moja tu, ikisomwa na mtu asiyeipenda, na akaibeba miaka yote hiyo.

Mshereheshaji, kijana mwenye suti na haraka, alisema mchungaji amefika na mvua inakuja, lakini kabla ya mahubiri, je, yupo aliyesoma na marehemu anayetaka kuongeza neno? Akauliza. Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza mara ya pili.

Nilisimama. Nikashika bega la mtu nisiyemjua. Nilipewa kipaza sauti, nikasema jina langu, nikasema nimetoka Karurumo. Kisha nikasema, “Barua ile niliiandika mimi. Yeye alitia sahihi tu.” Watu wakacheka. Ni sauti yangu, nadhani, inawafanya watu wacheke hata nikisoma matangazo ya kanisa. Wakaona huyu bibi ametuletea kichekesho cha shule. Nikasema tena, nikaongeza kwamba niliiandika kwa sababu nilitaka karatasi ya kufunikia madaftari, na kwamba alipoulizwa nilikuwa nje ya mlango, na sikuingia. Sasa hawakucheka, lakini hawakujua wafanye nini, na mshereheshaji akachukua kipaza sauti kwa upole, akasema asante sana mama, tumpigie makofi ya kilo mbili. Wakapiga. Mchungaji akasimama. Nikaketi. Nilingoja kile kitu cha kooni, sikukiona.

Baada ya kuzika tulipanga foleni ya chakula. Kathure alikuwa anapakua mukimo mwenyewe, mikono ina udongo wa kaburi ambao haukutoka vizuri. Zamu yangu ilipofika hakuniangalia usoni, aliangalia sahani. Akaniita tata, kama huku kwetu wanavyoitwa dada za wazazi.

“Sisi watoto tulibishana na mama kuhusu wewe, tata,” akasema. “Hospitalini. Sisi tulisema hutasema kamwe. Yeye alisema utasema, ila mpaka uulizwe mara mbili.”

Foleni ilinisukuma kutoka nyuma. Nikauliza, “Kwa hivyo nani ameshinda?”

“Mama,” akasema, akaongeza kijiko kingine.

Nikaenda kuketi karibu na ua, nikaweka sahani magotini, nikala. Mukimo ulikuwa hauna ladha yoyote, au ni ulimi wangu. Kathure alipopita na sinia ya vikombe, nikamwomba chumvi. Akaenda, akarudi na kikopo, akakiweka chini kando ya mguu wangu, akaniacha nijitilie mwenyewe.